Hofu ya baiskeli Bujumbura: Mtu mzima anaweza kuishinda, hatua kwa hatua

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Kwa miaka kadhaa sasa, foleni za magari kwenye vituo vya mafuta zimekuwa sehemu ya sura ya jiji la Bujumbura. Mafuta yakikosekana, mabasi hupungua, nauli hupanda, na watu hujikuta wakisubiri usafiri kwa saa nyingi au wakitembea kwa miguu kutoka Kanyosha, Kamenge au Kinama hadi katikati ya jiji.

Katika hali hiyo baiskeli imepata heshima mpya. Haili petroli, humbeba mtu pamoja na mzigo wake, na fundi wa kuitengeneza hupatikana karibu kila mtaa. Warundi huiita ikinga. Ng'ambo ya mpaka, kwenye Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, jina ni hilo hilo, kinga. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye kwake kinga ni kile kinachomlinda mtu na madhara, anaweza kutabasamu akisikia jina hilo, maana kwa wengi jijini hapa kifaa hiki kimekuwa kweli kinga dhidi ya kukwama nyumbani.

Hata hivyo, lipo kundi ambalo halizungumzwi sana: watu wazima ambao hawakujifunza kuendesha baiskeli walipokuwa watoto. Wengine walikulia kwenye vilima ambako baiskeli ilikuwa mali ya wachache. Wengine, hasa wanawake, waliambiwa kwamba chombo hicho si chao. Leo wana miaka 30, 40 au 50, wanaiona njia rahisi ya kufika kazini, na wanashindwa kuitumia kwa sababu ya kitu kimoja tu, nacho ni hofu.

Makala haya ni kwa ajili yao. Jambo la kwanza wanalopaswa kujua ni kwamba hofu hiyo si moja. Zimo tatu ndani yake: hofu ya chombo chenyewe, hofu ya barabara, na hofu ya macho ya watu. Anayejaribu kupambana nazo zote siku moja hushindwa. Anayezitenganisha na kuzikabili moja baada ya nyingine hufika.

Kwa nini baiskeli haianguki

Mwanafunzi anapopanda baiskeli kwa mara ya kwanza, mwili wake hujihami. Mikono hukaza usukani, mabega hupanda, pumzi hukatika, na macho hushuka kutazama gurudumu la mbele. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo hufanya baiskeli iwe ngumu zaidi kuongoza.

Baiskeli husimama wima kwa sababu ya kuelekezwa upande inakoangukia. Ikiinama kushoto, usukani ukigeuzwa kidogo kushoto, magurudumu hurudi chini ya uzito wa mwendeshaji na chombo hunyooka. Mwendeshaji mzoefu hufanya hivyo mara nyingi kila dakika bila kujua. Anayeanza hufanya kinyume: akiona anaanguka kushoto, huvuta usukani kulia, na hapo ndipo huenda chini.

Sayansi ya jambo hili imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Uholanzi na Marekani walichapisha katika jarida la Science majaribio ya baiskeli waliyoiunda kwa namna ya pekee. Ilisukumwa bila mtu juu yake, na bado iliweza kujisimamisha yenyewe ilipokuwa na mwendo wa kutosha. Funzo kwa mwanafunzi ni kwamba chombo hiki hakimtafutii mtu anguko. Kikiwa na mwendo, na mikono ikiwa imelegea, husaidia chenyewe.

Neno mwendo hapo ni la kuzingatia. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kwa mtembea kwa miguu ni kweli. Juu ya baiskeli mambo hugeuka, kwani mwendo wa kinyonga ndio mgumu kuliko wote. Anayeogopa hupunguza mwendo ili awe salama, baiskeli huyumba zaidi, naye huogopa zaidi. Mwendo wa mtu anayekimbia polepole ndio unaofaa kuanzia.

Anza bila pedali

Baiskeli ya kwanza haikuwa na pedali. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitoka mjini Mannheim akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, akikisukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860. Kwa maneno mengine, binadamu walijifunza kwanza kusawazisha, kisha kukanyaga. Mtu mzima anayeanza leo afuate mpangilio huo huo.

Mwombe fundi ateremshe kiti mpaka nyayo zako zote mbili zikae ardhini ukiwa umeketi. Kisha azitoe pedali. Ukiamua kuzitoa mwenyewe, kumbuka kwamba pedali ya kulia hufunguliwa kama nati za kawaida, lakini ya kushoto imekatwa hesi kinyume, hivyo hufunguliwa kwa kuizungusha kuelekea mwendo wa saa. Wengi wameharibu hesi kwa kutolijua hilo.

Tafuta uwanja mpana ulio tambarare au wenye mteremko mdogo sana. Keti, sukuma ardhi kwa miguu, hatua fupi kwanza, kisha ndefu. Ukiona chombo kinakwenda, inua miguu yote miwili na ukiache kiteleze. Mara ya kwanza kitateleza mita mbili. Baada ya siku mbili tatu kitateleza mita kumi. Muda wote huo tazama mbali mbele, kwenye mti au ukuta, wala si kwenye gurudumu. Baiskeli hufuata macho: ukikodolea jiwe, utaligonga.

Hatua hii ina faida kubwa kwa mwenye hofu. Miguu yake iko karibu na ardhi, kwa hiyo anaweza kusimama wakati wowote. Akili ikishajua kwamba kusimama kunawezekana, huacha kupiga kengele ya hatari. Nusu saa kwa siku yatosha. Mwili uliochoka hujifunza woga badala ya ujuzi.

Ukiweza kuteleza huku ukikata kona kushoto na kulia, rudisha pedali. Weka pedali moja juu, mbele kidogo, uikanyage kwa nguvu ili upate mwendo mara moja, kisha mguu wa pili ufuate. Kiti kibaki chini kwa wiki moja au mbili. Baadaye kipandishwe kidogo kidogo, kwa sababu kiti kilicho chini mno huchosha magoti kwenye safari ndefu.

Breki kabla ya safari

Kuna makosa ambayo hata waalimu wazuri huyafanya: kumfundisha mtu kwenda kabla ya kumfundisha kusimama. Hofu nyingi za anayeanza hutokana na swali moja, nitasimamaje?

Kabla ya kukanyaga pedali, tembea ukiikokota baiskeli na ubonyeze breki moja moja ili ujue ipi inashika gurudumu la mbele na ipi la nyuma. Usikisie. Katika baiskeli zilizoandaliwa kwa nchi kama Uingereza, breki ya mkono wa kulia kwa kawaida hushika gurudumu la mbele. Katika nyingi za bara la Ulaya, kazi hiyo hufanywa na mkono wa kushoto. Kwenye masoko yetu, ambako baiskeli mpya za Asia huuzwa sambamba na za mitumba kutoka Ulaya, aina zote hukutana.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikibanwa ghafla yenyewe inaweza kumrusha mtu. Breki ya nyuma ikibanwa yenyewe hufanya tairi liteleze. Dawa ni kuzitumia zote mbili pamoja, kwa kubonyeza taratibu. Chora mstari ardhini, uuendee kwa mwendo wa wastani, usimame juu yake. Rudia mara 20. Anayejua atasimama wapi hawezi kuogopa kama asiyejua.

Bujumbura inadai ujuzi huo kuliko miji mingi. Jiji limekaa kando ya Ziwa Tanganyika, mahali palipo takriban mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima inaanza mara tu unapoondoka ziwani. Barabara ya Taifa namba moja hupanda hadi Bugarama, kilomita 35 hivi kutoka jijini, katika mwinuko unaozidi mita 2,000. Ndiyo barabara ambayo picha zake zimezunguka dunia: vijana wakishuka kwa kasi na mikungu ya ndizi nyuma, na wengine wakipanda huku wameshikilia lori kwa mkono mmoja.

Vijana hao wana ujuzi wa miaka mingi, na bado barabara hiyo huwaua. Kwao ni riziki. Kwa anayeanza, si shule wala si kipimo cha ujasiri. Kutoshika lori si woga.

Wapi pa kujifunzia

Sehemu za chini za jiji ndizo rafiki wa mwanafunzi. Buyenzi na Bwiza, ngome za Kiswahili za Bujumbura, ziko kwenye ardhi tambarare na mitaa yake imenyooka. Ngagara na Cibitoke upande wa kaskazini, Kinindo na Kibenga upande wa kusini, nazo zina barabara za mitaa zisizo na miinuko mikali. Kwa upande mwingine, Kiriri, Mutanga na Gihosha ni vilima. Anayeishi huko ni bora aikokote baiskeli yake hadi chini kwa wiki za kwanza.

Mitaa iliyotandikwa mawe hutikisa usukani. Si mibaya kwa mazoezi, ila isiwe ya siku ya kwanza. Uwanja wa shule wakati hakuna wanafunzi, kwa ruhusa ya mwenye nao, ni mahali pazuri kuliko barabara yoyote.

Wakati nao una maana. Jumapili asubuhi na mapema magari ni machache. Jumamosi asubuhi hutengwa kwa kazi za jamii, na kabla yake vikundi vya wakimbiaji hujaa barabarani, hivyo si wakati mzuri kwa mtu anayeyumba. Jioni kando ya ziwa ni pazuri kwa upepo, lakini viboko hutoka majini giza likiingia na huwa hawampishi mtu. Maliza zoezi lako mapema. Hapa jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huja haraka.

Barabara ina kanuni zake

Mtu akishaweza kwenda, kukata kona na kusimama, hofu ya kwanza imekwisha. Sasa inabaki ya pili, na hii ina haki ya kuwepo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu milioni 1.19 hivi hufariki kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hofu ya lori si ya kufukuzwa. Ni ya kupewa kazi ya kufanya, yaani kukufanya uwe makini.

Kwa wageni kutoka nchi jirani, jambo la kwanza ni upande wa barabara. Burundi imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, lakini Jumuiya haina upande mmoja wa barabara. Kenya, Uganda na Tanzania hupita kushoto. Burundi, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia hupita kulia. Mkenya au Mtanzania aliyejifunza kwao na kuhamia Bujumbura ni mwanafunzi upya kwa wiki kadhaa. Hapa, kabla ya kuingia barabarani, tazama kushoto kwanza, kwa kuwa ndiko gari la karibu linakotoka. Kwenye mzunguko, magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ni kwenye kona, mtu anapowaza mambo mengine, ndipo mazoea ya kwao humrudia.

Jambo la pili ni maeneo yanayoruhusiwa. Machi 2022, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza kuziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji, ambazo hapa huitwa tuk-tuk, katikati ya jiji. Sababu iliyotajwa ilikuwa kupunguza ajali. Uamuzi huo uliwagusa moja kwa moja waendesha baiskeli za abiria waliokuwa wakijipatia riziki huko. Anayeanza asitoke bila kuuliza kwanza ni barabara zipi ziko wazi kwa baiskeli wakati huo. Wanaobeba abiria kwa baiskeli kwenye mtaa wake ndio wenye habari sahihi, kwa kuwa kosa moja huwagharimu mkate wa siku.

Jambo la tatu ni nafasi yako barabarani. Wenye hofu hujibana ukingoni kabisa, karibu na mtaro, wakidhani ndiko kwenye usalama. Huko ndiko kwenye mchanga, vipande vya chupa na mashimo, na ukiyumba hata kidogo huna pa kwenda. Acha nafasi ya mkono mmoja hivi kati yako na ukingo. Ukipita magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mlango kufunguka. Nyuma ya basi linaloshusha abiria, simama usubiri. Kabla ya kukata kona, geuka utazame nyuma, nyoosha mkono, kisha ndipo ugeuke.

Kutazama nyuma bila kuyumba ni ujuzi unaojifunzwa uwanjani. Mwambie mwenzako asimame nyuma yako akionyesha vidole, nawe ukiwa unakwenda ugeuke na kutaja idadi yake. Ukifaulu mara kumi mfululizo, uko tayari kwa mtaa wenye magari.

Wakati wa mvua, breki zinazobana rimu hupoteza nguvu mpaka maji yafutike, kwa hiyo anza kubana mapema. Usipite kwenye dimbwi usilojua kina chake. Kwa Bujumbura, dimbwi linaweza kuwa limefunika mtaro ulio wazi.

Macho ya watu

Hofu ya tatu haitajwi kwenye vitabu vya ufundi, lakini ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani. Mtu mzima akiyumba barabarani, watoto hucheka. Na mwanamke akipanda baiskeli, huonekana jambo la kutazamwa, kwa kuwa wengi wa waendesha baiskeli jijini hapa ni wanaume.

Kwa hili hakuna fundi, lakini zipo njia. Moja ni kujifunza wawili au watatu pamoja. Kicheko cha mtaa huwa na makali kwa mtu mmoja, na kwa watatu huwa utani. Njia nyingine ni kuchagua mwalimu mvumilivu. Mume, kaka au jirani anayepiga kelele humwongezea mwanafunzi hofu. Afadhali mtu anayetembea kando kimya akishika nyuma ya kiti, kamwe si usukani.

Mavazi nayo yapangwe. Kitenge au kanga huweza kuingia kwenye mnyororo au spoki. Baiskeli isiyo na mtaimbo wa juu humruhusu aliyevaa sketi kupanda na kushuka kwa heshima yake, na kifuniko cha mnyororo huokoa nguo na mwili pia. Hayo si mambo ya urembo. Mtu asiyeogopa kwamba nguo itanaswa huweka akili yake yote barabarani.

Kanda inajifunza

Wanaoanza Bujumbura wasijione wako peke yao. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka kuanzia miaka ya 1960 ndizo zilizozaa neno bodaboda, ambalo leo limehamia kwenye pikipiki za kanda nzima.

Kigali, mji uliojengwa juu ya vilima, ulianzisha siku zisizo na magari mwaka 2016. Baadhi ya barabara hufungwa Jumapili asubuhi ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Septemba 2025 mji huo huo ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Macho ya wengi yalikuwa kwa mabingwa, lakini kwa raia wa kawaida saa chache za barabara isiyo na magari zina thamani kubwa zaidi. Ndizo zinazompa anayeanza nafasi ya kukosea bila kulipia kosa hilo kwa mfupa.

Bujumbura ina kile ambacho Kigali haina: ardhi tambarare kando ya ziwa, kilomita kwa kilomita. Saa mbili au tatu za Jumapili kwenye barabara moja ya jiji zingetosha kuwafundisha wengi. Huo ni uamuzi wa mamlaka, na wakazi wana haki ya kuuomba.

Wakati wa kusubiri, kazi ya mtu binafsi inabaki ile ile. Wiki ya kwanza, kuteleza bila pedali. Wiki ya pili, kukanyaga na kusimama kwenye mstari. Wiki ya tatu, mitaa ya jirani Jumapili asubuhi pamoja na mwenzako. Wiki ya nne, njia ya kazini, lakini siku ya mapumziko, ili uijue kila kona na kila shimo kabla ya kuipita ukiwa na haraka. Atakayehitaji wiki nane badala ya nne asione haya. Na penye mlima au lori linalokaribia, kushuka na kukokota ni sehemu ya kuendesha. Waulize wabeba ndizi wa Bugarama: nao hukokota.